CT iliyouona uvimbe wa ini si lazima iwe CT ya kupasulia: uzi kuhusu picha za mishipa ya damu ya ini kabla ya upasuaji

#1 Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam. Kazi yangu ni kusoma picha za mionzi, na swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na ndugu wa wagonjwa wa ini ni hili: "Mgonjwa wetu amekwisha kupigwa CT na uvimbe ukaonekana, kwa nini daktari wa upasuaji anataka apigwe nyingine?" (CT ni picha ya mionzi inayoonesha ndani ya mwili kipande kwa kipande.) Wengi huamini kwamba wanatolewa fedha bure, na wapo wanaoamua kumrudisha mgonjwa nyumbani. Naleta uzi huu mrefu kwa sababu jibu lake linagusa uhai wa mtu. Picha ya kwanza hupigwa ili kujua kama kuna kitu ndani ya ini. Picha ya pili hupigwa ili kujua damu inaingiaje katika ini la mtu huyu mmoja, inatokaje, na ni kiasi gani cha ini kitabaki hai baada ya kisu kupita.

Ini la mtu mzima lina uzito unaokaribia kilo moja na nusu, na kila dakika hupitiwa na takriban lita moja na nusu ya damu, yaani karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo wa mtu aliyepumzika. Damu hiyo huingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ateri ya ini, ambayo kwa kawaida hutokana na shina fupi linalochipuka kwenye aota, ateri kuu inayotoka moyoni, chini kidogo ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Njia ya pili ni mshipa ambao madaktari huuita vena porta, nami hapa nitauita vena ya lango. Huu hukusanya damu ya utumbo, tumbo, kongosho na wengu na kuipeleka kwenye ini ikiwa imebeba chakula kilichosagwa. Vena ya lango huleta karibu robo tatu ya damu yote ya ini, lakini kwa kuwa damu hiyo imekwisha kutumika kwingine, hewa ya oksijeni inayofika kwenye ini hutoka takriban nusu kwa nusu katika njia hizo mbili. Damu ikishachujwa hutoka kupitia vena tatu za ini, ya kulia, ya kati na ya kushoto, ambazo humwaga kwenye vena kava ya chini, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, mahali palipo karibu sana na moyo. Sambamba na ateri na vena ya lango hupita mirija ya nyongo, na mirija hiyo hulishwa na ateri peke yake. Ateri ikikatwa kimakosa, nyama ya ini inaweza kunusurika kwa damu ya vena ya lango huku mirija ya nyongo ikifa polepole, na madhara yake yakaonekana baadaye, mgonjwa akiwa amekwisha kuruhusiwa.

Kwa macho ya nje ini linaonekana kuwa na pande mbili tu, mkubwa wa kulia na mdogo wa kushoto, zilizotenganishwa na utando. Mgawanyo huo haumsaidii sana mpasuaji. Mwaka 1897 James Cantlie, daktari Mskoti aliyewahi kufanya kazi Hong Kong, alionesha kwamba mpaka wa kweli kati ya kulia na kushoto kwa upande wa damu unapita kwenye mstari unaotoka kwenye kifuko cha nyongo hadi kwenye vena kava. Miaka 60 baadaye, mwaka 1957, Mfaransa Claude Couinaud alichapisha kazi iliyogawa ini katika segmenti 8, kila moja ikiwa na tawi lake la vena ya lango, tawi lake la ateri na mrija wake wa nyongo. Namba zake, kuanzia 1 hadi 8, ndizo mtakazozikuta hadi leo katika kila ripoti ya CT inayosema "uvimbe uko segmenti ya 6 na ya 7".

Ugumu uko hapa. Matawi ya vena ya lango hupita katikati ya segmenti, lakini vena za ini hupita kwenye mipaka kati ya sehemu moja na nyingine, zikapishana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Mpasuaji anayekata mpaka kati ya kulia na kushoto anatembea kandokando ya vena ya kati ya ini kutoka mwanzo hadi mwisho, na damu inayomwagika upesi kuliko zote katika upasuaji wa ini hutoka kwenye vena hizi, ambazo kuta zake ni nyembamba na ziko wazi kuelekea moyoni. Aidha, sehemu inayobaki ikinyimwa njia ya kutolea damu huvilia na kuvimba hata kama njia ya kuingizia ni nzima. Kwa hiyo kabla ya kuamua kukata, mpasuaji anataka ahakikishiwe mambo manne kuhusu ini litakalobaki: damu ya kuingia, damu ya kutoka, njia ya nyongo, na ukubwa wa kutosha. Kuhusu ukubwa, makubaliano mapana ni kwamba mtu mwenye ini zima abakiwe na angalau asilimia 20 hadi 25 ya ini lake. Aliyetumia dawa za saratani kwa muda mrefu, kama asilimia 30. Na mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, karibu asilimia 40. Chini ya hapo mgonjwa anaweza kumaliza upasuaji salama na kufa wiki zinazofuata kwa sababu ini lililobaki halimtoshi.

Sasa tuje kwenye picha zenyewe. CT isiyo na dawa ya kontrasti haituambii chochote cha maana kuhusu mishipa, kwa sababu damu na nyama ya ini huonekana kwa weusi unaokaribiana. Kontrasti ni dawa yenye madini ya ayodini inayodungwa kwenye mshipa wa mkono, na mashine huona mahali ilipo kadiri inavyosafiri. Ni usafiri huo unaozaa awamu. Katika sekunde 20 hadi 25 za mwanzo, ateri zinang'aa peke yake. Karibu sekunde ya 35, ateri bado zinang'aa na vena ya lango imeanza kupata rangi; hapo ndipo saratani ya ini yenyewe, ambayo hupenda kulishwa na ateri, hujitokeza iking'aa kuliko nyama inayoizunguka. Karibu sekunde ya 70, vena ya lango na vena za ini zimejaa, nyama ya ini imeng'aa vizuri, na ateri zimefifia. Baada ya dakika 3 hadi 5, saratani nyingi za ini huonekana nyeusi kuliko nyama ya jirani kwa kuwa dawa imekwisha kuzitoka.

Mgonjwa aliyepigwa CT ya kawaida ya tumbo hospitali ya wilaya au mkoa mara nyingi hupigwa awamu moja tu, ile ya sekunde ya 70. Kwa kusudi lake ilikuwa sahihi, maana swali lilikuwa maumivu ya tumbo na majibu yalipatikana. Lakini ateri ya ini haimo katika picha ile, na hakuna mtaalamu awezaye kuirudisha kwa kuitazama zaidi. Kuna pia unene wa vipande: picha zinazochapwa kwenye filamu huwa na vipande vya milimita 5 au zaidi, ilhali ateri nyingi tunazozitafuta zina upana wa milimita chache tu. Kwa ramani ya mishipa tunahitaji vipande vya milimita 1 au pungufu, ambavyo kompyuta inaweza kuviunganisha na kutuonesha mti mzima wa mishipa kwa pande tatu na hata kupima ujazo wa kila segmenti.

Kuna atakayeuliza: ikiwa vitabu vinaeleza mishipa inapita wapi, kwa nini tusifuate vitabu? Kwa sababu watu wengi hawako kama kitabu. Nicholas Michels wa Marekani alichunguza maiti 200, akaainisha mipangilio 10 ya ateri ya ini, na ule unaoitwa wa kawaida aliukuta kwa kiasi cha asilimia 55 tu. Takriban mtu mmoja kati ya 10 ateri yake ya kulia haitoki kwenye shina la kawaida, bali hutoka kwenye ateri kuu ya utumbo na kupita nyuma ya kichwa cha kongosho. Mpasuaji asiyelijua hilo, hata akiwa anapasua kongosho na siyo ini, anaweza kuufunga mshipa unaolisha nusu ya ini. Vena ya lango nayo ina mambo yake. Kwa baadhi ya watu tawi linalolisha sehemu ya mbele ya upande wa kulia huchipuka kutoka kwenye tawi la kushoto. Mpasuaji anayeondoa upande wa kushoto akifunga tawi hilo kwenye shina lake, ameua na sehemu ya kulia ambayo alikusudia ibaki. Na wapo watu ambao chini ya ile vena ya kulia wana nyingine ya ziada inayomwaga moja kwa moja kwenye vena kava. Huyu ana bahati ya pekee, maana vena kuu ya kulia ikilazimika kuondolewa pamoja na uvimbe, segmenti ya 6 inaweza kuokolewa kwa njia hiyo ya ziada, mradi mtu ameiona mapema.

Kwetu Afrika Mashariki kuna sababu nyingine za kuitaka ramani hii. Virusi vya homa ya ini aina ya B na sumukuvu katika mahindi na karanga vimetuachia saratani ya ini kwa watu wenye umri mdogo kuliko inavyoonekana Ulaya, na saratani hiyo ina tabia ya kuingia ndani ya vena ya lango. Kuna mgando wa damu wa kawaida, na kuna mgando uliojaa chembe za saratani. Katika awamu ya ateri ule wa saratani hung'aa kwa sababu una mishipa yake midogo, na ule wa kawaida haung'ai. Tofauti hiyo moja inaweza kubadili uamuzi mzima wa kupasua au kutopasua. Kandokando ya Ziwa Victoria kichocho cha matumbo huacha makovu yanayofuata matawi ya vena ya lango, shinikizo likapanda, wengu ukavimba, na damu ikajitafutia njia za pembeni kwenye umio, tumbo na hata ukuta wa mbele wa tumbo karibu na kitovu. Mpasuaji anayefungua tumbo la mgonjwa huyo anapaswa kujua njia hizo zilipo kabla kisu hakijagusa ngozi. Turkana, kaskazini mwa Kenya, inajulikana duniani kwa vifuko vya maji vya tegu wa mbwa. Vifuko hivyo huweza kukua hadi kuisukuma vena ya ini au vena kava mahali pasipo pake.

Niko tayari kwa maswali.

#2 Kitindamimba

Daktari, nashukuru sana kwa uzi huu, umenikuta katika hali yenyewe. Namuuguza baba, ana miaka 61. Alipigwa CT mkoani, ripoti ikasema uvimbe wa sentimita 7 upande wa kulia wa ini. Tulipofika hospitali ya rufaa tumeambiwa apigwe CT ya awamu tatu. Tulikuja na filamu na karatasi ya ripoti tu. Je, tungeweza kuepuka gharama hii? Na pia baba ana kisukari, anatumia metformini, na watu wametutisha kwamba dawa ya kontrasti itamuua figo.

#3 Mleta uzi

Dada, pole kwa kuuguza. Nitajibu kwa sehemu.

Kwanza, rudini au mtume mtu kule mkoani akaombe picha zenyewe kwenye CD au flashi, na si filamu. Filamu ni chapa ya vipande vichache vilivyochaguliwa na mtu. CD ikitolewa kikamilifu ina kila kipande, pamoja na muda wa kila awamu. Mwambieni mhusika kwamba mnahitaji picha za mfumo wa DICOM, ule wa kompyuta wa kuhifadhia picha za hospitali, vipande vyembamba vyote, na mara nyingi ataelewa papo hapo. Daktari wa radiolojia wa hospitali ya rufaa akizifungua na kukuta kwamba baba alipigwa awamu ya ateri na ya vena kwa vipande vyembamba, hakuna haja ya kurudia, nanyi mna haki kabisa ya kuomba zitazamwe kwanza. Akikuta ni awamu moja, basi ombi la daktari ni la haki, na ningekuwa ndugu yenu ningewashauri msilikwepe. Uvimbe wa sentimita 7 upande wa kulia maana yake mpasuaji anafikiria kuondoa pengine zaidi ya nusu ya ini.

Pili, kuhusu figo. Hofu iliyopo mitaani ni kubwa kuliko hatari yenyewe, ingawa hatari ipo kwa wachache. Baba apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonesha kazi ya figo, nayo ibadilishwe kuwa kiwango cha uchujaji wa figo. Kiwango kikiwa 30 au zaidi na figo hazijaumia ghafla, miongozo mingi ya sasa haimlazimishi hata kuacha metformini. Kikiwa chini ya 30, metformini husimamishwa siku ya kipimo na kurudishwa baada ya saa 48, figo zikithibitishwa kuwa salama, na daktari atapima faida ya kipimo dhidi ya hatari yake. Anywe maji ya kutosha kabla na baada, isipokuwa kama ana ugonjwa wa moyo uliomfanya awekewe mpaka wa maji. Jambo la kusema bila kuulizwa ni kama aliwahi kupata mzio wa kontrasti yenyewe: kuwashwa, kuvimba uso, kubanwa kifua. Mzio wa samaki, ambao wengi huutaja, hauhusiani na dawa hii.

Tatu, mwandaeni kwa hisia atakayoipata. Dawa inapoingia kwa kasi, mwili mzima hupata joto, ladha ya chuma huja mdomoni, na wengine huhisi kama wamejikojolea hali hawajafanya hivyo. Asiyeambiwa hushtuka na kujitikisa, na picha ikatikisika naye.

#4 FundiMionzi

Mimi ni mteknolojia wa mionzi, naomba niongezee upande wa chumba cha mashine, kwa kuwa huko ndiko ramani hii huharibikia.

Sekunde alizozitaja mleta uzi ni za mtu ambaye moyo wake unasukuma vizuri. Mzee mwenye moyo dhaifu, dawa huchelewa kufika kwenye aota, na ukimpiga kwa kufuata saa ya ukutani utapata awamu ya ateri isiyo na ateri. Ndiyo maana mashine zina njia ya kufuatilia dawa: tunaweka alama kwenye aota, mashine inaitazama, na dawa ikifika kiwango tulichokiweka ndipo hesabu ya sekunde inaanza. Hospitali zenye mashine yenye uwezo huo na zisizoutumia zinajinyima bure.

Suala la pili ni kasi ya kudunga. Kwa mishipa ya ini tunataka mililita 4 hivi kwa sekunde, na kasi hiyo haipatikani kwa mkono wa mtu hata awe na nguvu namna gani. Inahitaji injekta ya mashine. Injekta nayo inahitaji kanula inayofaa, yaani kile kimrija kinachoachwa ndani ya mshipa na ambacho rangi yake huonesha upana, kwenye mshipa mkubwa wa kiwiko. Kanula ya kijani inafaa zaidi, ya pinki inakubalika. Mgonjwa akiletwa kutoka wodini na kanula ya bluu juu ya kiganja, ama tunaibadilisha ama tunapunguza kasi na picha inapungua ubora. Wauguzi wenzetu mnaosoma hapa, mkiambiwa mgonjwa anakwenda kupigwa CT ya awamu za ini, mtusaidie kwa hilo. Na apimwe uzito, kwa sababu kiasi cha dawa kinategemea kilo zake.

La tatu ni pumzi. Ini linaning'inia chini ya kiwambo na kila pumzi hulisogeza kwa sentimita kadhaa. Mashine nyingi zimerekodiwa sauti ya Kiingereza inayosema vuta pumzi, zuia, na bibi wa miaka 70 kutoka kijijini anaendelea kupumua kwa amani kwa kuwa hakuna aliyemwambia kitu anachokielewa. Mimi huzima sauti ile, nikamfanyisha mgonjwa mazoezi mara kadhaa kwa Kiswahili, na ikibidi nikamwita ndugu anisaidie kwa lugha ya nyumbani. Awamu zote zipigwe pumzi ikiwa imezuiwa kwa namna ileile, la sivyo ateri ya awamu ya kwanza haitakaa mahali pake juu ya vena ya awamu ya pili.

#5 Mleta uzi

Nashukuru sana, ndugu. Hilo la pumzi natamani lingebandikwa ukutani katika kila chumba cha CT nchini.

Niweke neno la kando kidogo kwa kuwa tumeitaja mashine. Watu wengi hudhani CT haina uhusiano wowote na bara letu. Allan Cormack, aliyegawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 na Godfrey Hounsfield wa Uingereza kwa kazi iliyozaa CT, alizaliwa Johannesburg, na wazo lake la kukokotoa picha ya ndani ya mwili lilianza mwaka 1956 alipokuwa akisaidia kitengo cha mionzi cha hospitali ya Groote Schuur, Cape Town.

#6 NguzoMbili

Ndugu mleta uzi, mimi niko katika hali tofauti kidogo. Kaka yangu ana sirosisi na tumeelekezwa India kwa ajili ya kupandikizwa ini. Nimejitolea kumpa sehemu ya ini langu, damu zetu zinaingiliana na mimi ni mzima wa afya. Nimeambiwa naweza bado kukataliwa baada ya kupigwa CT na MRI, ile picha ya sumaku. Nashindwa kuelewa mtu mzima anakataliwaje kwa sababu ya mishipa.

#7 Mleta uzi

Kaka, Mungu akutie nguvu, ni jambo kubwa unalolikusudia. Wagonjwa wengi wa kwetu wanaokwenda India hupandikizwa ini la mtu aliye hai, kwa hiyo swali lako linawahusu wengi.

Upandikizaji wa namna hii ulianza kufanikiwa mwaka 1989, Brisbane nchini Australia na Chicago nchini Marekani, kwa watoto waliopewa kipande cha kushoto cha ini la mzazi. Mtoto mdogo hutosheka na segmenti ya 2 na ya 3. Mtu mzima hatosheki na kidogo hivyo, na kwa kawaida hupewa upande wote wa kulia wa ini la mtoaji. Hapo picha yako inatumika kujibu maswali ya watu wawili kwa wakati mmoja.

Kwanza ni hesabu ya ujazo. Kipande atakachopewa kaka yako kinapaswa kuwa na uzito usiopungua asilimia 0.8 ya uzito wa mwili wake. Akiwa na kilo 70, hiyo ni gramu 560. Wewe nawe unapaswa kubakiwa na angalau asilimia 30 hadi 35 ya ini lako. Mtu ambaye upande wake wa kushoto ni mdogo mno kwa maumbile anaweza kuwa mzima kabisa na bado akakataliwa, kwa kuwa kumkata ni kumwacha na ini lisilomtosha. Mafuta mengi kwenye ini nayo hupimwa, kwa sababu hupunguza kazi ya kila gramu.

Pili ni milango. Kipande chako kikiondolewa na vena ya lango moja, ateri moja, vena moja na mrija mmoja wa nyongo, kazi ya kukiunganisha ni ya kawaida. Ikiwa tawi la vena ya lango la kulia halipo kama shina moja na matawi yake mawili yanatoka mbalimbali, kipande kitakuwa na milango miwili ya kushona, na ukiongeza mirija miwili au mitatu ya nyongo, hatari ya mgando na ya kuvuja nyongo hupanda. Vena ya kati ya ini mara nyingi huachwa kwako, lakini huwa inapokea matawi kutoka segmenti ya 5 na ya 8 ambazo zinakwenda kwa kaka yako. Matawi hayo yakiwa makubwa lazima yaunganishwe upya kwa kipande cha mshipa mwingine, na mpasuaji anahitaji kujua idadi na upana wake kabla ya siku yenyewe. Ndiyo maana CT inakwenda pamoja na MRI ya mirija ya nyongo.

Ukikataliwa kwa sababu hizi, ripoti haisemi kwamba unaumwa. Inasema kwamba ini lako limejengwa kwa namna ambayo haiwezi kugawanywa bila kukuhatarisha wewe au yeye. Ni busara familia ikawa na mtoaji wa pili anayefikiriwa tangu mwanzo, na kama inawezekana CT ya mtoaji ipigwe hapa nyumbani kwa utaratibu sahihi, ikatumwa, ikasomwa, kabla hamjakata tiketi.

#8 Kitindamimba

Daktari, nimerudi. CD imepatikana, wamesema ni awamu moja kweli, kwa hiyo baba amepangiwa CT mpya. Daktari mwingine alishauri altrasaundi ya dopla ingetosha. Naomba unifafanulie. Na ikiwa itaonekana ini litakalobaki ni dogo, ndiyo basi tena?

#9 Mleta uzi

Dada, dopla ni kipimo kizuri, hakina mionzi, hakihitaji kontrasti, na kuna jambo moja inalolifanya vizuri kuliko CT: inaonesha damu ikitembea. Inakuambia kama damu ya vena ya lango inaelekea kwenye ini au imegeuka nyuma kwa sababu ya shinikizo la sirosisi, jambo ambalo CT hulidokeza tu kwa ishara za pembeni. Kwa hiyo ningependa baba apimwe na hiyo pia. Lakini dopla inategemea mkono wa mpimaji, gesi ya utumbo huificha sehemu, na haitoi ramani ambayo mpasuaji anaweza kuigeuza na kuipima akiwa mezani kwake. Altrasaundi hurudi tena kwa heshima ndani ya chumba cha upasuaji, ambapo kipimio huwekwa moja kwa moja juu ya ini. Mjapani Masatoshi Makuuchi ni miongoni mwa walioifanya njia hiyo kuwa ya kawaida, na hadi leo mpasuaji wa ini hulinganisha anachokiona pale na ramani ya CT kabla ya kuchora mstari wa kukata.

Kuhusu ini dogo, hapana, si mwisho. Makuuchi huyohuyo alieleza mwaka 1990 njia ya kuziba tawi la vena ya lango linalokwenda upande utakaoondolewa. Damu yote ya vena hiyo hulazimika kwenda upande wa pili, nao hukua. Baada ya wiki 3 hadi 6 CT hurudiwa na ujazo hupimwa upya. Ini lenye sirosisi hukua kwa shida zaidi, na ini lisilokua kabisa ni onyo kwamba lisingestahimili upasuaji. Kazi hii hufanywa na madaktari wa radiolojia-tiba, wanaotibu wakiongozwa na picha za mionzi, fani ambayo hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuifundisha mwaka 2018. Muulizeni daktari wenu kama baba anaifaa na inapatikana wapi kwa wakati huu, kwa sababu huduma hubadilika.

#10 FundiMionzi

Mleta uzi, tafadhali malizia kwa kutuandikia fomu ya ombi inapaswa kusema nini. Tunapokea fomu zimeandikwa "CT tumbo" basi, tunapiga CT ya tumbo, kisha lawama zinaanza.

#11 Mleta uzi

Ni ombi la haki. Daktari anayeomba aandike hivi, au kwa maneno yanayofanana na haya: "CT ya ini ya awamu ya ateri, ya vena ya lango na ya kuchelewa, vipande vya milimita 1, kwa ajili ya kupanga upasuaji wa uvimbe wa segmenti hizi. Naomba maelezo ya asili na matawi ya ateri ya ini, mgawanyiko wa vena ya lango, vena za ini pamoja na za ziada, mgando wowote na aina yake, umbali wa uvimbe kutoka kwenye kila mshipa mkubwa, na ujazo wa ini litakalobaki." Aongeze kreatinini, uzito, mzio, na kama mgonjwa ana homa ya ini au sirosisi. Anayesoma picha naye ajibu kila kimojawapo, hata kama jibu ni kwamba hakuna kasoro, kwa sababu mpasuaji akikuta kimya hawezi kujua kama mshipa ulitazamwa ukaonekana mzima au haukutazamwa kabisa.

Na kwako Kitindamimba: tarehe ya CT ya baba na tarehe ya upasuaji zisiachane sana. Wapasuaji wengi hutaka picha isiyozidi mwezi mmoja hivi, kwa kuwa uvimbe unaweza kuufikia mshipa ambao wiki sita zilizopita ulikuwa mbali nao. Upasuaji ukiahirishwa kwa sababu ya foleni, mwambieni daktari mapema tarehe ya picha mliyo nayo.